Jamani, Gari Langu Haliuzwi kwa Kilo

Hivi mtu ukiweka gari juu ya mawe uani kwako, ndani ya uzio wako, turubai umelifunika, ni lazima kila anayepita na mizani aamini kwamba umekata tamaa? Leo asubuhi, hata mswaki sijautoa mdomoni, kijana wa vyuma chakavu kasimama getini na mkokoteni wake.

"Shikamoo braza. Ile unaitoa kwa kilo au kwa jumla?"

Nikamjibu kwa utulivu wa mtu mwenye heshima zake. Nikamweleza kwamba ile ni Peugeot 504, umbo lake limechorwa na Pininfarina wa Italia, Gari la Mwaka la Ulaya 1969, na kwa sasa iko katika matengenezo ya kitaalamu. Kijana akaliangalia gari. Akaniangalia na mimi, kanga ya mama watoto kiunoni.

"Kwa hiyo kwa kilo."

Sikilizeni. Ninachojenga pale uani ni hotirodi, yaani gari kuukuu lililopunguzwa mwili na kuongezwa nguvu. Mambo haya waliyaanza vijana wa California. Walikuwa wanachukua Ford kuukuu, na ile ya 1932 yenye injini ya V8 ndiyo iliyokuwa tunu yao, wanang'oa madigadi, wanatupa boneti, wanakata nguzo mpaka paa linashuka usawa wa nyusi, halafu wanakwenda kushindana mbio kwenye maziwa yaliyokauka kule Muroc. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, askari wakarudi na ufundi wa jeshini na vijisenti mfukoni, ndipo balaa likakolea. Na watu wasiwatishe: V8 ile ya 1932 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 65. Ka-Vitz ka shemeji yangu kanaizidi, na shemeji anakaendea sokoni kununua nyanya. Kwa hiyo anayesema mtu wa Mbagala hawezi kujenga hotirodi, aniambie Mmarekani alinizidi nini mwaka ule.

Alinizidi banda. Hilo nakubali. Kwenye video zao jamaa ana banda lenye sakafu ya zege ambayo ungeweza kupakulia ubwabwa, kabati jekundu la spana zilizopangwa kwa namba, na friji la bia pembeni. Friji namwachia. Ninachomuonea wivu ni kwamba anafanya kazi saa nzima na hapiti mtu kumuuliza, "Bado tu?"

Mimi hapa gari limekuwa mali ya mtaa. Kuku wa jirani wanatagia kiti cha nyuma, na mayai yakipungua naulizwa mimi. Jioni watoto wanaliendesha kwenda Mwanza, na konda wao ana lugha chafu kuliko makonda wa kweli. Mama wa chumba cha uani anaanika dagaa juu ya boneti kwa maelezo kwamba bati lile linashika joto vizuri. Fundi wa kuchomelea akiwasha mashine, wapangaji wote wanatoka milangoni kuitazama LUKU, maana ni ya pamoja, na hakuna anayesema kitu, wanaitazama tu yuniti zinavyokwenda halafu wananitazama mimi. Fundi wa umeme alikuja, akakata waya zote, akasema anafuata testa Ilala. Mkimuona, mwambieni testa yake kaiacha hapa kwenye dashibodi.

Lakini hayo yote ni madogo. Acheni niwape ya Jumamosi ya kushusha injini.

Injini ya asili ya 504 ilikuwa imechoka, na hata ilipokuwa nzima, ile ya kabureta farasi wake hawafiki 100. Nikaenda Ilala nikanunua mtumba wa Japani, 1G ya silinda sita, ile ya VVT-i yenye valvu zinazojirekebisha zenyewe, iliyotoka kwenye GX 110, yaani Toyota Mark II, farasi 160. Mantiki yake ni nyepesi: GX 110 inasukumwa na matairi ya nyuma, 504 nayo inasukumwa na matairi ya nyuma, injini zote zimelala kwa urefu. Wataelewana. Fundi naye alisema wataelewana. Basi tukafunga winchi ya mnyororo kwenye tawi la mwembe, vijana wake wawili wakavuta, injini ikapanda, ikakaa hewani juu ya gari, inayumba kidogo, oili inadondoka tone moja moja. Imebaki kushusha tu. Hapo ndipo lango likasema kwiii.

Ni mzee wa nyumba ya kona. Dereva mstaafu wa serikali, shati la kaunda lenye kalamu mfukoni mpaka leo, ingawa hana wa kumsainia. Akavuta kiti changu barazani, akakileta chini ya mwembe, akakaa.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Hakuitikia. Alikuwa anatazama juu.

"Kile ni nini?"

"Injini, mzee."

"Injini naiona. Ya nini?"

"Ya Toyota."

Mzee akavua kofia. Akaiweka kifuani. Wale vijana wa fundi, mikono yote imeshika mnyororo, nao wakainamisha vichwa, sijui walidhani kuna nani.

"Gari hii," akasema, na akaweka kiganja juu ya taa ya mbele, zile taa za 504 zilizokaa upandeupande kama macho ya mtu asiyeamini unachomwambia, "niliitoa Dodoma mvua za masika, Katibu Mkuu kiti cha nyuma. Mabasi yamelala Gairo. Malori yamelala Gairo. Sisi tumepita. Bosi hata hakuamka."

"Gari hii hii, mzee?"

"Ya namna hii. Usinikate."

Fundi akakohoa. "Mzee, samahani, vijana wanachoka."

"Wachoke. Walikuwa wanakwenda wapi?"

Nikaona huyu nimmalize kwa historia. Nikamuuliza, mzee, Safari Rally ya 1975 alishinda nani? Akajibu kabla sijafunga mdomo: Ove Andersson, na 504. Akaongeza na ya 1978, Nicolas, 504 ile ya milango miwili. Akarudi nyuma akamwaga na 404 zote, 1963, 1966, 1967, 1968, anahesabu kwa vidole na kumtazama fundi usoni kila mwaka. Vizuri sana mzee. Sasa niambie, huyo Andersson maisha yake ya kazi aliyamalizia wapi?

Kimya.

"Toyota, mzee! Ndiye aliyekuwa bosi wa timu yao ya rali kule Ulaya. Mwaka 1984 wakaja hapa hapa Afrika Mashariki wakachukua Safari na Celica. Mpaka ile timu ya Toyota ya Formula One, bosi yeye! Sasa kama bingwa mwenyewe wa 504 alihamia Toyota, injini yangu ina kosa gani?"

Watu wakapiga makofi. Maana sasa walikuwepo watu: mama wa maandazi na beseni lake, bodaboda wawili na abiria wao, watoto wa safari ya Mwanza. Nikainua kidevu. Mzee akafikiri kidogo.

"Alihama yeye," akasema. "504 aliiacha nzima."

Makofi yakawa makubwa zaidi, na si yangu.

Hapo mzee akageuka mwenyekiti. Akamwita fundi mbele, fundi mtu mzima mwenye watoto, akasogea kweli. "Nieleze propela, ile shafti ya kupeleka nguvu nyuma, utaiunga wapi." Fundi akasema itaungwa nyuma ya giaboksi. "Ya Toyota imekaa wazi, siyo? Ya hii imo ndani ya bomba. Bomba limefungwa kwenye giaboksi huku, limefungwa kwenye difu kule kwenye matairi ya nyuma. Ukitoa giaboksi, bomba halina pa kushika. Ukitoa bomba, difu inashikwa na nini?"

Fundi akatazama chini ya gari kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu nimpe advansi.

"Tutachonga," akasema.

Ndugu zangu mliowahi kuambiwa "tutachonga" mnayajua maumivu yake.

"Utachonga nini?"

"Adapta."

"Ya?"

"Au tunaweka difu ya GX 110, mzee. Nzima nzima, na propela yake."

"Kwa hiyo injini Toyota, giaboksi Toyota, propela Toyota, difu Toyota. Kitakachobaki Peugeot ni kipi?"

Uwanja mzima ukanyamaza. Mtoto mmoja akasema, "Mlango!" Mwenzake akamwambia, "Haina mlango." Ni kweli, milango ilikuwa kwa fundi wa bodi.

"Kadi," nikasema mimi. "Kadi inasema Peugeot."

Ni wakati ule ndipo tawi la mwembe lilipochoka na kikao. Halikuvunjika kwa kelele, lahasha, lilianza kuinama polepole kwa adabu, na injini ikawa inashuka nalo, vijana wanavuta mnyororo na mnyororo unawavuta wao, mama watoto kutoka jikoni anapiga kelele, "Maembe yangu! Baba Nasra, maembe yangu!" na si mume wangu, si miguu ya watu, maembe. Injini ikaingia. Ilikaa mahali pake upande wa nyuma. Upande wa mbele, kwa kuwa silinda sita ni ndefu kuliko nne na fundi alisema rejeta haina haja ya kutolewa, nafasi ipo, ikaikalia rejeta. Maji yakatiririka mpaka kwenye viatu vya mama wa maandazi.

Fundi akachungulia. "Imeingia, bosi!"

Mzee akasimama, akavaa kofia yake. "Marahaba," akaniambia, akaondoka. Na kiti changu.

Basi tangu siku hiyo ukipita mtaani kwetu utasikia habari ya kadi, maana kila mtu aliisikia. Na kadi yenyewe ina mambo. Ukibadilisha injini lazima namba yake ibadilishwe kwenye kadi. Nikaenda ofisini, dirisha la kwanza likanipeleka la tatu, la tatu likanirudisha la kwanza, na la kwanza lilikuwa limekwenda chai. Liliporudi likaniambia, lete gari likaguliwe. Nikasema halitembei. Kwa nini halitembei? Linajengwa. Likaguliwe ndipo lijengwe, au lijengwe ndipo likaguliwe? Dada wa dirishani akaniambia, "Kaka, mimi nimekwambia lete gari." Nje kishoka mmoja akanishika bega kwa upendo akaniuliza kama nina elfu hamsini. Nilikuwa na nauli.

Na hapa naomba niseme bila utani. Nimechoka. Nimechoka kuulizwa "bado tu?" na watu ambao nyumba zao zina nondo zinaota kutu juu tangu tukiwa shule ya msingi. Kuna jamaa hapa ana gari la mkopo, kila mwisho wa mwezi analificha kwa dada yake Kongowe, lakini huyo ni bosi, anapishwa njia. Mimi nisiyedaiwa na mtu, isipokuwa fundi wa bodi, na mwenye duka kidogo, na mama wa maandazi sasa viatu, mimi ndiye naletewa mizani getini! Mtu akinunua kilichotengenezwa na wengine anaitwa amefanikiwa. Akitengeneza chake kwa mkono wake anaitwa baba fulani wa skrepa. Wanalo hilo jina, msidhani sisikii.

Ila wakitaka kitu, ghafla lina thamani. Juzi kamati ya harusi ya mtoto wa shemeji wamekaa, bila mimi, wakapitisha kwamba bibi harusi atapanda 504 yangu. Eti magari ya kizamani yanatoka vizuri kwenye picha. Nikapiga simu nikawaambia halina milango. Katibu akasema ndiyo vizuri, shela haitabanwa. Nikasema haliwaki. Akasema vijana wa kusukuma wapo, na mpiga picha atakata miguu yao. Nikauliza, na kuku? Akasema hilo litajadiliwa kwenye kikao kijacho.

Na pamoja na kutoa gari, kadi ya mchango nimeletewa vilevile. Double. Nikauliza kwa nini double wakati mimi ndiye usafiri, nikajibiwa kwamba mtu anayejenga gari la pili hawezi kuchangia single. La pili! La kwanza ni lipi, daladala? Na hata hiyo double yenyewe naijua. Ile harusi ya mwaka jana nililipa double kamili, tena mapema, nikaketishwa nyuma ya spika, mimi na mama watoto tukagawana paja moja, soda ya moto, MC anatuambia tusimame, tukae, tusimame, tucheze na jirani. Ndafu niliiona inapita na majani mdomoni kuelekea meza kuu. Nikamuuliza mweka hazina, hivi sisi wa double haki yetu ni ipi, akaniambia nitoe maoni kwa maandishi. Na mweka hazina wa kamati ile ndiye huyohuyo wa kamati hii.