Breki Nilifunga Mwenyewe

Wiki tatu nzima gari langu lilikuwa linalia kama mbuzi aliyesahauliwa juani. Kila nikikanyaga breki, kwiiii! Mwanzoni nilikuwa naongeza sauti ya redio, tiba ambayo madereva wengi wa Dar tunaitumia ila hatusemi. Halafu mwanangu wa darasa la tatu akaanza kuuigiza mlio ule mbele ya wageni, sebuleni. Ndipo nikaenda kwa fundi.

Fundi aliinama, akachungulia katikati ya ringi, akainuka. Hata mkono hakuuchafua.

"Bosi, pedi zimekwisha. Hicho kinacholia ni kibati, kimewekwa makusudi kikwaruze diski ujue mambo yameisha. Ukiendelea hivi, chuma kitakula diski yenyewe."

Kazi yake shilingi 15,000, pedi ninunue mwenyewe.

Sasa 15,000 si hela ya kumvunjia mtu heshima. Lakini yule fundi tunafahamiana. Ukimpelekea tairi, anaona bushi. Ukimpelekea bushi, anaona stelingi. Kuna siku nilikwenda kujaza upepo tu, nikatoka nimefungwa plagi nne mpya na sina nauli ya mafuta. Kwa hiyo usiku ule nikatafuta video. Kijana mmoja alibadilisha pedi kwa dakika kumi na mbili, anatabasamu, mikono misafi kama anakanda maandazi. Nikairudia mara tatu.

"Kesho breki nafunga mwenyewe," nikamwambia mke wangu.

Akanitazama kama anavyotazama maziwa yaliyo karibu kufurika. "Sawa, baba watoto. Bima ya gari bado iko hai?"

Asubuhi nikawahi Gerezani, Kariakoo. Muuzaji macho yako kwenye simu.

"Gari?"

"Toyota IST."

"Enjini?"

"Ya petroli," nikajibu kwa kujiamini.

Hapo ndipo alipoinua uso. "Mzee, aina gani, 1NZ au 2NZ?"

"Hizi za kawaida tu."

"Unataka za mbele au za nyuma?"

"Zote kabisa, nimalize."

"Ya kwako nyuma haina pedi. Nyuma ni breki za shuu."

Nikacheka kama mtu aliyekuwa anamjaribu. Naye akacheka, ila wenzake wawili wa duka la jirani walicheka kwa muda mrefu zaidi.

Kwetu ni Goba, na anayeijua Goba anajua kwamba huko hakuna uwanja uliolala. Geti langu linatazama chini, barabara ya vumbi inashuka hadi kwa jirani yangu mzee, ambaye anajenga. Nikavuta hendibreki, nikaweka tofali kwenye matairi ya nyuma, nikapiga jeki. Gurudumu likaning'inia vizuri. Nikashika spana, nikavuta nati. Gurudumu likazunguka. Nikavuta tena, likazunguka tena.

"Baba," akasema mwanangu, "si ulegeze kwanza likiwa chini?"

Nikamtuma maji ya kunywa. Alipoondoka nikashusha jeki, nikalegeza, nikapandisha upya.

Kalipa ndiyo ile kama kiganja cha chuma, inabana diski katikati ya pedi mbili. Inashikwa kwa nyuma na bolti mbili, na bolti ukizitazama kwa nyuma, kulia na kushoto vinabadilishana mahali. Ya kwanza niliikaza dakika kumi nzima nikidhani naifungua. Ilipokuja kuachia, ngumi yangu ilipiga fenda, na nikasema neno ambalo mwanangu, aliyekuwa amesharudi na maji, aliomba nimwandikie.

Yule kijana wa video alikuwa amesisitiza: kalipa ikitoka isiachwe ining'inie kwa mpira wake wa mafuta, utakatika, ifunge kwa waya kwenye springi. Waya sikuwa nao. Nilikuwa na mkanda wa suruali, wa ngozi, niliopewa na shemeji Krismasi. Nikaufungua, nikauzungusha kwenye springi, kalipa ikatulia kama mtoto mgongoni. Suruali haikutulia, lakini fundi yeyote unayemheshimu utamkuta anafanya kazi na suruali imeshuka kidogo.

Pedi za zamani zilikuwa zimebaki nyembamba kama kadi ya benki. Mpya ni nene, kwa hiyo pistoni, kile kichuma kinachozisukuma pedi, lazima irudishwe ndani ya kalipa ndipo ziingie. Niliazima jiriwa kwa seremala, nikaanza kukaza taratibu. Pistoni inarudi, mimi najisikia injinia.

"Baba, huku mbele kunatapika."

Siku moja kabla nilikuta mafuta ya breki yamepungua kwenye kikopo chake, nikayajaza mpaka juu. Kumbe yalikuwa hayajapotea, yalishuka kuifuata pistoni kadiri pedi zilivyolika. Sasa pistoni inarudi, nayo yanarudi nyumbani na kukuta nafasi yao imekaliwa. Na mafuta yale yanababua rangi ya gari. Nikachomoka mbio, mkono mmoja umeshika suruali, nikafuta kwa kitambaa cha kwanza nilichokikuta kwenye kamba. Kilikuwa taulo. Habari za lile taulo tuziache, maana ndani ya nyumba bado hazijaisha.

Gurudumu la pili lilikwenda haraka. Mkanda nikauhamishia upande ule, jiriwa, pedi, bolti mbili, nati nne. Saa nane mchana nilikuwa nimemaliza na hakuna bolti iliyobaki chini, jambo nililolihakikisha mara mbili. Nikamwita mke wangu ashuhudie. Akatoka, akasimama barazani, akajiegemeza ukutani. Mwanangu akaondoa tofali, akafungua geti.

Nikawasha. Nikaweka D, nikaachia hendibreki. Gari likaanza kutambaa. Nikakanyaga breki ili wote waone.

Pedali ikazama mpaka chini. Haikukwama, haikulia. Ilizama kama mguu kwenye uji.

Maelezo yake ni haya, na niliyapata baadaye. Ukishairudisha pistoni, kuna nafasi kati yake na pedi. Kabla ya kuondoa gari unatakiwa upampu pedali mara kadhaa mpaka pistoni itoke iziguse pedi na mguu uhisi ugumu. Kijana wa video alilisema hilo vizuri kabisa. Alilisema mwishoni, baada ya kuwashukuru watazamaji, na mimi mara zote tatu nilizima alipoanza kushukuru.

Gari likapita getini kwa heshima zote. Nikapiga honi. Sijui kwa nini nilipiga honi. Kuku wakatawanyika, mwendesha bodaboda aliyekuwa anakula muwa akaruka na muwa wake. Pale mbele, katikati ya barabara, kulikuwa na kilima cha mchanga wa ujenzi wa yule mzee. Mchanga huo ulikuwa umeziba njia miezi miwili, na wiki iliyotangulia nilikuwa nimekwenda kwa mjumbe kuusemea, kwa ukali, kwamba ni hatari kwa magari.

Nikaingia humo mpaka taa za mbele zikapotea. Kimya. Ndipo nikakumbuka hendibreki, nikaivuta kwa nguvu zangu zote.

Mzee akatoka na kikombe chake cha chai. Akalizunguka gari polepole. Mimi nikashuka haraka nimsalimie.

"Shikamoo, mzee."

Nikampa mikono yote miwili, kama nilivyolelewa. Suruali ikaenda zake.

"Marahaba," akasema, akitazama pembeni kwa adabu. Watoto wa mtaa hawakutazama pembeni. Nilipokwisha kujistiri, akanywa chai kidogo, akauliza: "Jirani, mchanga wenyewe ndio huu ulioupeleka kwa mjumbe?"

Tulichimba na koleo lake nusu saa, na alisimamia kila chembe irudi mahali pake. Fundi akafika kwa bodaboda. Akaingia kwenye gari, akapampu pedali mara nne, tano.

"Mbona breki ipo, bosi? Tena kali."

Akalipeleka juu, akalirudisha, akalisimamisha mbele yangu palepale alipotaka. Akashuka, akasema pedi nimezifunga sawasawa, na nikiri kwamba kwa sekunde kadhaa nilisahau watoto waliokuwa bado wanacheka ukutani. Ila akakunja uso. "Kuna kitu kinapiga huku mbele. Tap, tap, tap. Unasikia?"

Nikasikia. Nikamwambia labda bushi. Akaomba jeki, akafungua lile gurudumu la pili, akaingiza mkono nyuma ya springi, akavutavuta. Kisha akainuka na kitu kirefu cheusi chenye bizimu, akakigeuza mbele ya mtaa mzima.

"Hii spea, bosi, kwenye IST sijawahi kuiona. Hapo ni 15,000."

Nikaupokea kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa na kazi.