Historia ya Marekani: maktaba bado ina kazi au bando linatosha?

Siku hizi ukimwambia mwanafunzi aende maktaba kutafuta mambo ya Marekani anakuangalia kama umemtuma kisimani na bomba liko jikoni. Na ana hoja bwana. Wenzetu wamemwaga vitu mtandaoni mpaka basi, Maktaba ya Bunge lao peke yake imeweka mamilioni ya kurasa za magazeti ya zamani kwenye Chronicling America, bure, hata kujisajili hamna. JSTOR nako, hazina ya mtandaoni ya makala za wasomi, ukifungua akaunti ya bure unasoma makala 100 kwa mwezi. Maktaba nyingi za huku hazikupi hayo, kitabu chenyewe nakala moja na kuna mtu kaazima tangu mwaka juzi.

Shida yangu ni kile kisanduku cha kutafutia, kinakujibu ulichouliza tu. Nilikesha siku moja na magazeti ya miaka ya 1890 naandika "African American", sipati kitu, nikaanza kuamini weusi hawakuandikwa kabisa, kumbe magazeti ya enzi ile yalisema "colored" au "Negro". Hivohivo ukitafuta "World War I" kwenye gazeti la 1917, nani alijua itakuja ya pili? Afu kurasa zimesomwa na mashine, wino ukififia jina la mtu linakuwa uji. Ukilikosa sio kwamba halipo.

Chukua sensa ya 1860. Daftari la watumwa limeskaniwa, kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafutia ukoo, unaliona bila kulipa. Unafungua, kuna jina la mwenye watumwa, chini yake mistari tu: miaka 34, mwanamke, mweusi. Miaka 12, mwanaume, chotara. Majina hamna. Waliokuwa watumwa wanaanza kuandikwa kwa majina kwenye sensa ya 1870, kwa hiyo anayemtafuta bibi wa bibi yake anaanzia hapo anarudi nyuma kwa kulinganisha umri na jina la bwana, na kazi hiyo hakuna skrini inayokufundisha, inakufundisha tanbihi ya mtu aliyeshahangaika nayo miaka.

Au yale mahojiano ya mradi wa serikali yao ya 1936 hadi 1938, zaidi ya 2,300, wazee waliozaliwa utumwani wanasimulia. Ni hazina kweli. Ila wahojaji wengi walikuwa wazungu, Kusini ya ubaguzi, njaa ya mdororo wa uchumi, na kuna wazee walidhani huyu mgeni wa serikali labda analeta pensheni. Mzee anaposema bwana wake alikuwa mwema, utamnukuu hivohivo? Wanaonukuu hivohivo wapo, na wana intaneti ya kasi kabisa.

Kwahiyo mimi nasema kitabu kimoja kizuri kwanza, hata cha kuazima, ndo uingie mtandaoni ukijua unatafuta neno gani. Na wakutubi wa ile Maktaba ya Bunge wanajibu maswali kwa mtandao, popote ulipo, hawakuchaji. Ila usiwaandikie "naomba habari za utumwa". Taja jimbo, kaunti na mwaka, sema ulishaangalia wapi ukakosa.