Aliyechagua hayupo jukwaani: mashabiki wa Philadelphia na chaguo la raundi ya kwanza

Aprili 17, 1999, mjini New York, kijana wa miaka 22 alisikia jina lake likitajwa, akapanda jukwaani na kofia ya timu yake mpya kichwani, na ukumbi ukamzomea. Aliitwa Donovan McNabb, kutoka Chuo Kikuu cha Syracuse. Waliomzomea hawakuwa wapinzani. Walikuwa mashabiki wa timu iliyokuwa imemchagua muda huo huo, Philadelphia Eagles: watu kama thelathini hivi waliosombwa kwa basi kutoka Philadelphia na Angelo Cataldi, mtangazaji wa kituo cha redio ya michezo cha WIP. Walikuwa wamekwenda kumdai Ricky Williams, mchezaji wa kukimbia na mpira. Walipoletewa mtu mwingine, walipaza sauti, na sauti ile haijaisha kusimuliwa mpaka leo.

Kwa asiyefuatilia mpira wa miguu wa Kimarekani, maelezo mafupi. Ligi ya NFL haiachi timu zigombanie vijana wanaotoka vyuoni kwa nguvu ya fedha. Kuna drafti, na hapa sisemi ule mchezo wa kete wa barazani, nasema siku ambayo timu zinachagua wachezaji chipukizi kwa zamu. Iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita inatangulia, bingwa anakuja mwisho, kisha raundi ya pili inaanza, mpaka raundi saba ziishe. Kijana hachagui timu. Shabiki naye hachagui mchezaji, ingawa ndiye atakayeishi na chaguo hilo miaka kumi ijayo. Sisi tuliozoea usajili wa Simba na Yanga, ambapo tetesi zinatangulia wiki nzima na kila mtu ana muda wa kujiandaa moyo, ni vigumu kuelewa uzito wa jina moja kutajwa mara moja, mbele ya kamera, bila rufaa.

Nianze upande wa mashabiki, kwa sababu hadithi hii kwa kawaida husimuliwa kwa kuwakejeli na nadhani wanaonewa. Eagles ya 1998 ilishinda mechi 3 na kupoteza 13. Ilipata pointi 161 msimu mzima, za chini kuliko timu yoyote ya ligi. Mtu anayeketi uwanjani katika baridi ya Desemba kuangalia timu ya namna hiyo ana haki ya kutaka kitu anachokiona kwa macho. Na Williams alionekana. Pale Chuo Kikuu cha Texas alikuwa amevunja rekodi ya vyuo vya daraja la juu ya yadi za kukimbia na mpira, akachukua tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo. Hata meya wa jiji, Ed Rendell, alikuwa upande wake hadharani.

McNabb alikuwa kwotabeki, yule anayepokea mpira mwanzoni mwa kila shambulizi na kuamua aurushe, aukabidhi kwa mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Ni nafasi ngumu kuliko zote, na ndiyo inayoziumiza timu zaidi zinapokosea kuchagua. Mwaka mmoja tu nyuma, San Diego walikuwa wametumia zamu ya pili, ile ile waliyokuwa nayo Eagles mwaka 1999, kumchukua kwotabeki Ryan Leaf. Katika msimu wake wa kwanza alitoa pasi 2 za kufunga, na pasi 15 zikanaswa na wapinzani. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hapa nyoka alikuwa ameuma jirani, kila mtu akiona. Hofu ile haikuwa ya kijinga. Mwaka 1999 makwotabeki watano walichaguliwa katika raundi ya kwanza. Tim Couch aliyetangulia McNabb hakufika alikotarajiwa. Akili Smith aliyemfuata, zamu ya tatu, alimaliza kazi yake yote ya NFL na pasi 5 za kufunga. Cade McNown wa zamu ya 12 alipotea upesi. Ungeweka majina yale kofiani na kuchomoa moja bila kuangalia, ungekuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata hasara kuliko kupata McNabb. Anayesema leo kwamba mambo yalikuwa wazi anasoma matokeo, hasomi siku yenyewe.

Hata hivyo kuna hesabu moja ambayo mashabiki wale walikuwa nayo mkononi, na hawakuipiga. Kwotabeki aliyecheza sana msimu ule wa 1998, Bobby Hoying, hakutoa hata pasi moja ya kufunga. Sifuri, huku zake 9 zikinaswa. Katika timu hiyo hiyo, Duce Staley alikimbia na mpira yadi 1,065. Yaani kilichokuwa kimekufa ni kurusha. Kukimbia kulikuwa hai. Mashabiki walikijua kidonda, maana kilikuwa kinawauma wao, lakini walitaka dawa ipakwe mahali pazima. Andy Reid, kocha mkuu mpya aliyetoka kufundisha makwotabeki wa Green Bay, aliangalia kidonda hicho hicho akaweka dawa penyewe.

Halafu tazama aliyepata walichokitaka wao. New Orleans Saints walitoa chaguo zao zote za mwaka ule, pamoja na mbili za mwaka uliofuata, ili kumpata Williams katika zamu ya tano. Msimu wao uliishia kwenye ushindi 3 na vipigo 13, na kocha Mike Ditka akafukuzwa. Sitaki kuutumia mfano huu kupita kiasi. Philadelphia wasingelipa bei hiyo, kwa sababu zamu ya pili ilikuwa yao tayari. Na Williams hakuwa mchezaji mbovu hata kidogo: mwaka 2002, akiwa Miami, aliongoza ligi nzima kwa yadi 1,853. Wala kuchukua mkimbiaji mapema hakukuwa kosa kwa lazima. Edgerrin James, aliyechaguliwa zamu ya nne na Indianapolis, yumo katika Ukumbi wa Magwiji. Swali lilikuwa la timu ile, mwaka ule.

Kinachonikera mimi siyo kwamba mashabiki walikosea mchezaji. Kukosea ni sehemu ya mchezo huu. Wanaolipwa mamilioni kuchagua wanakosea kila mwaka. Kinachonikera ni mahali zomeazomea ilikotua. Tazama drafti ilivyopangwa: aliyefanya uamuzi yuko ofisini na wasaidizi wake, katika jiji jingine, mlango umefungwa. Anayepandishwa jukwaani chini ya taa ni kijana aliyechaguliwa, ambaye hakuomba timu ile wala hakuwa na namna ya kuikataa bila kuhatarisha riziki yake. Hasira ya kweli, yenye sababu, inarushwa kwa mtu pekee asiyehusika na uamuzi, kwa sababu ndiye pekee anayeonekana. Ligi imeupanga utaratibu huu kwa ajili ya televisheni na inafaidika nao. Lakini shabiki mtu mzima anaweza kulitambua hilo akautafutia ujumbe wake njia nyingine.

Wapo watakaojibu kwamba mchezaji wa kulipwa lazima awe na ngozi ngumu, na kwamba McNabb mwenyewe ni ushahidi. Ni kweli alivumilia. Novemba 2002, katika mechi dhidi ya Arizona, aliumia kifundo cha mguu mwanzoni kabisa. Alifungwa bendeji akarudi, akarusha pasi 20 zilizofika kati ya 25, nne zikiwa za kufunga. Baada ya mechi kipimo kikaonyesha mfupa ulikuwa umevunjika. Aliifikisha timu mara tano kwenye fainali ya kanda, hatua moja kabla ya fainali ya ligi, na mara moja kwenye fainali yenyewe, Super Bowl, Februari 2005, walikopoteza 24 kwa 21 mbele ya New England. Ila yeye mwenyewe amerudi kwenye siku ile ya 1999 mara nyingi katika mazungumzo yake, na mtu hakirudii kidonda kilichopona. Kusema zomeazomea ilimkomaza ni kuwapa wazomeaji sifa ya kazi aliyoifanya yeye.

Na upande wa pili wa mji bado una hoja yake: fainali tano za kanda, kombe sifuri. Wapo wanaosema hadi leo kwamba mashabiki wa 1999 waliona mbali. Hapo nakataa. Kukosa kombe hakumaanishi Williams angelileta.

Jiji lile lilipata nafasi ya kurudia mtihani mwaka 2010. Mwaka uliotangulia Eagles walikuwa wamemwacha Brian Dawkins, beki wa nyuma aliyependwa kuliko wote, aende Denver. Wakati wa drafti ulipofika, Earl Thomas, beki wa nyuma kutoka Texas, alikuwa bado hajachukuliwa. Eagles wakatoa chaguo mbili za raundi ya tatu ili kupanda kutoka zamu ya 24 hadi ya 13, na mashabiki wakadhani wanajua wanakokwenda. Jina lililotajwa likawa Brandon Graham, mlinzi wa pembeni kutoka Michigan. Zamu iliyofuata, Seattle wakamchukua Thomas.

Miaka ya mwanzo kila kitu kiliwapa mashabiki haki. Graham aliumia goti na kukaa benchi, Thomas akawa nguzo ya ulinzi uliotwaa Super Bowl ya Februari 2014. Ungeandika uchambuzi huu mwaka ule, ungeandika kwamba walioko vitini waliona kuliko walioko ofisini, na ungekuwa na ushahidi. Kisha ikaja Februari 4, 2018, Eagles wakiongoza 38 kwa 33, dakika mbili na ushee zimebaki, mpira uko mikononi mwa Tom Brady wa New England. Graham akapita katikati ya wazuiaji, akanyoosha mkono, akaupiga mpira ukamtoka Brady kabla hajaurusha. Derek Barnett, naye chaguo la raundi ya kwanza la 2017, akaudaka. Eagles walimaliza 41 kwa 33, Super Bowl ya kwanza katika historia yao. Graham alikuja kuwa mchezaji aliyecheza mechi nyingi kuliko yeyote katika klabu hiyo.

Je, mashabiki wa 2010 walikosea? Sidhani. Thomas alikuwa mchezaji mkubwa, na shimo aliloliacha Dawkins lilikuwa wazi. Walichokosa ni muda tu, na hakuna wa kumlaumu shabiki kwa hilo, maana chaguo halikui haraka kwa sababu tunalitazama.

Mwaka 2020 ndio unaonifanya nisikubali ile kauli rahisi kwamba mashabiki waachie wataalamu. Drafti ilifanyika kwa mtandao kwa sababu ya korona. Eagles walihitaji mpokeaji wa pasi, Justin Jefferson wa chuo cha LSU alikuwepo, mashabiki walimtaka kwa jina. Meneja mkuu Howie Roseman akamchukua Jalen Reagor zamu ya 21. Minnesota wakamchukua Jefferson zamu ya 22, na mwaka 2022 akaongoza ligi kwa yadi 1,809 za kupokea. Agosti mwaka huo huo Reagor akauzwa, tena kwenda Minnesota hiyo hiyo. Hapa hakuna cha kusubiri muda: mashabiki walikuwa sahihi kwa mtu, kwa nafasi na kwa sababu. Lakini usiku uliofuata, katika raundi ya pili, Roseman alimchagua kwotabeki Jalen Hurts wakati timu ilikuwa imempa Carson Wentz mkataba mnono mwaka mmoja nyuma. Ghadhabu ikawa kubwa pengine kuliko ya Reagor. Februari 2025 Hurts alikuwa mchezaji bora wa Super Bowl, Eagles wakiwafunga Kansas City 40 kwa 22. Watu wale wale, meneja yule yule, siku mbili mfululizo, mizani ikaelemea huku kisha kule.

Kwa hiyo mimi nawatetea mashabiki wapige kelele. Klabu isiyosikia kelele hulala, na Philadelphia haijawahi kuruhusu klabu yake ilale. Wapigie redio, wamuulize mmiliki Jeffrey Lurie, wamtaje Roseman kwa jina na kudai maelezo. Ligi nayo ingeweza kufanya jambo moja jepesi: kila jina la raundi ya kwanza likitajwa, meneja aliyechagua asimame pale mbele kwanza, aseme kwa nini, apokee makofi yake au kelele zake, ndipo kijana atoke na wazazi wake kupiga picha.

Septemba 19, 2013, jezi namba 5 ya McNabb ilistaafishwa rasmi uwanjani Philadelphia, wakati wa mapumziko, na uwanja ukamshangilia. Wageni usiku ule walikuwa Kansas City, na kocha wao alikuwa Andy Reid. Naye alishangiliwa alipoingia. Mtu aliyechagua na mtu aliyechaguliwa walikuwa kwenye nyasi zile zile, mbele ya watu wale wale, miaka 14 baada ya New York.