Setilaiti zipo, lakini mionzi ipimwe pia ardhini

Ipo hoja inayosikika kila fedha za vituo vya hali ya hewa zinapojadiliwa: setilaiti zinaiona Afrika nzima usiku na mchana, basi kuna haja gani ya kufunga vifaa ghali ardhini vya kupima mionzi ya jua na ya joto?

Hoja hiyo ina uzito, na wanaoitoa si watu wasiojua wanachokisema. Meteosat, setilaiti za hali ya hewa za Ulaya, hupiga picha za bara letu kila baada ya dakika 10 hadi 15, na kutokana na picha hizo wataalamu hukokotoa kiasi cha jua kinachofika ardhini. Ukichukua wastani wa mwezi, hesabu hizo hukaribiana vizuri na vipimo vya ardhini, tena zinafika Turkana, Katavi na misitu ya Kongo. Kituo kimoja, hata kikiwa bora namna gani, kinaeleza habari za pale kilipo tu. Mawingu ya Kericho si ya Malindi.

Ila tukumbuke kwamba setilaiti haipimi kinachofika ardhini. Inapima kinachotoka duniani kwenda juu, na kilichobaki hukokotolewa kwa modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazoiga angahewa. Kwa mwanga wa jua, pengo hilo linavumilika. Kwa mionzi ya joto, hali ni nyingine kabisa. Angahewa hutuma ardhini wastani wa karibu wati 340 za joto kwa kila mita ya mraba, usiku na mchana, zaidi ya maradufu ya wati 160 hivi za jua ambazo uso wa dunia hufyonza. Joto hilo hutoka kwenye mvuke, kwenye hewa ukaa na kwenye tumbo la mawingu. Setilaiti huona mgongo wa wingu. Siku ya masika, wingu zito likiwa limefunika anga, modeli inabidi ikisie tumbo lake liko kimo gani na lina joto kiasi gani. Na katika mionzi hii ndipo gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto, zinapofanyia kazi yao. Ukitaka kuona ongezeko lake lenyewe, hapa ndipo pa kutazama. Hata hivyo vituo vingi vya kawaida havina kifaa cha kuipima.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1992 Mpango wa Utafiti wa Tabianchi Duniani ulianza kuendesha mtandao wa vituo rejea vya mionzi, yaani vituo vya usahihi wa juu ambavyo vipimo vingine hulinganishwa navyo, vinavyorekodi kila dakika. Takwimu zake sasa hutunzwa Bremerhaven, Ujerumani, katika Taasisi ya Alfred Wegener. Mtaalamu wa tabianchi Atsumu Ohmura na wenzake walikuwa wameonyesha, kwa rekodi za ardhini, kwamba jua lililofika Ulaya lilipungua kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980. Baadaye likaongezeka tena. Uchafuzi wa hewa unatajwa kuwa sababu kubwa. Bila vifaa vya ardhini, tusingejua kwamba upungufu huo uliwahi kutokea.

Pingamizi ninaloliona zito kuliko gharama ni la usahihi. Lengo la mtandao huo kwa jumla ya mwanga wa jua ni kutokosea zaidi ya asilimia 2 au wati 5 kwa kila mita ya mraba. Nishati ya ziada inayoipasha dunia joto ni takribani wati 1 tu. Mtu ana haki ya kuuliza kifaa cha namna hiyo kitaonaje badiliko dogo hivyo. Jibu ni kwamba ziada ile ya dunia nzima tunaijua zaidi kutokana na joto la bahari na setilaiti, wala hakuna anayepaswa kuidai kwa piranomita, kifaa cha ardhini kinachopima mwanga wa jua. Tunachodai kwa kituo ni uthabiti: kisome vilevile leo na miaka 20 ijayo, ili mwelekeo uonekane.

Uthabiti huo haununuliwi pamoja na kifaa. Kuba ya kioo inayofunika kifaa hufutwa kila siku, kwa kuwa umande, vumbi la kiangazi na kinyesi cha ndege vyote huzuia mwanga. Kijipira cheusi kinachokinga piranomita ya pili dhidi ya miale ya moja kwa moja lazima kifuate jua bila kuteleza. Kikiteleza kidogo, takwimu za siku nzima za mwanga uliotawanyika zimeharibika. Kisha vifaa huhakikiwa kwa mlolongo unaoishia Davos, Uswisi, ambako kipimo rejea cha dunia hutunzwa. Piranomita isiyohakikiwa inaweza kupoteza nusu asilimia kwa mwaka. Jua la mchana la wati 1,000 likisomwa hivyo, zimepotea wati 5, na mtafiti atadhani anga limebadilika.

Ndiyo maana ramani ya vituo vya mtandao huo Afrika inasikitisha. Tamanrasset ya Algeria ipo, Gobabeb ya Namibia ipo. De Aar ya Afrika Kusini ilikatika kwa miaka kadhaa kabla ya kufufuliwa. Ilorin, Nigeria, ilianza 1992, ikanyamaza katikati ya miaka ya 2000. Mfululizo ukikatika, hakuna fedha itakayorudisha miaka iliyopotea.

Wengine wanapendekeza vituo vingi vya bei nafuu, kama vile vya TAHMO, mradi wa vituo vya hali ya hewa barani Afrika, vilivyofungwa mashuleni. Kwa mvua na kilimo nawaunga mkono kabisa. Kwa tabianchi, ningechagua kituo kimoja kamili Afrika Mashariki, chenye fundi wa kudumu na bajeti ya miaka 30, kuliko kumi vyenye kuba zilizojaa vumbi. Na pa kuanzia papo: wanaojenga mitambo ya umeme wa jua hupima mionzi mwaka mmoja au miwili, kisha hung'oa vifaa. Leseni zao zingeweza kudai vifaa vibaki, kiongezwe cha mionzi ya joto, na takwimu ziwe wazi kwa mamlaka za hali ya hewa na vyuo vikuu.