Mfundishe mtoto njia, si orodha

Fungua daftari la sayansi la mtoto, mada ya magonjwa ya wanyama yanayompata binadamu. Utakuta kimeta, kichaa cha mbwa, homa ya Bonde la Ufa, yamepangwa yakisubiri mtihani. Ameyakariri yote. Muulize ugonjwa ulipitia wapi hadi ukamfikia, atabaki anakutazama.

Mimi siku hizi naanza na chaki. Nasaga chaki nyekundu, napaka unga wake kwenye mpira, nasema huu ni mbuzi mgonjwa, kisha nawapa wanafunzi wa mbele waupokezane. Somo linaendelea. Baada ya nusu saa tunatafuta wekundu: uko kwenye kalamu ya jirani, kwenye kitasa cha mlango, na kwenye midomo ya mtoto ambaye mpira haukumfikia kabisa. Darasa hunyamaza. Hapo neno "maambukizi" limeshaeleweka.

Ndipo nawasimulia ya Malaysia, mwaka 1998. Miti ya matunda ilipandwa karibu na mabanda ya nguruwe. Popo walikula matunda, mabaki yenye mate yao yakaanguka bandani, nguruwe wakayala wakaanza kukohoa, na wafugaji wakaugua. Virusi hivyo vilikuja kuitwa Nipah, na zaidi ya watu 100 walikufa. Watoto huchora mishale: popo, tunda, nguruwe, mtu. Nawauliza, tukate mshale upi? Wako wanaosema tuue popo, na hao nakaa nao kwa muda, maana popo huchavusha maua na kusambaza mbegu za miti. Mwingine atasema banda lijengwe mbali na miti. Huyo ameelewa.

Kichaa cha mbwa nakipa siku yake nzima. Shirika la Afya Duniani linasema watu 4 kati ya 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu ni watoto wa chini ya miaka 15. Na mtoto aking'atwa huficha, anaogopa kugombezwa kwamba alimchokoza mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo tunafanya mazoezi kwa vitendo: kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kumwambia mtu mzima papo hapo, kwenda kuchomwa chanjo hata kama ni mkwaruzo tu. Dakika 15 ni nyingi kwa mtoto, ndiyo maana tunazihesabu kwa saa. Wazazi nao nawaomba jambo moja: mtoto akija na jeraha, msianze kwa kumgombeza.

Swali ninalolipenda kuliko yote hutoka kwao wenyewe: sisi je, tunaweza kumwambukiza mnyama? Ndiyo. Katika msitu wa Taï, Ivory Coast, sokwe wamekufa kwa virusi vya binadamu vinavyoshambulia njia ya hewa. Nikisema hivyo, mikono yote inanyooshwa, na mishale ubaoni inaanza kuchorwa kurudi upande wa pili.