Yule mzee wa Bruges hakupiga magoti kwa majivuno

Ukionyesha watu picha ya zama za kati yenye tajiri aliyepiga magoti mbele ya Bikira Maria, hakosi wa kusema: huyo alitaka kununua mbingu. Mimi sikubali, na shahidi wangu ni Joris van der Paele.

Alikuwa kanoni, yaani kasisi wa baraza la kanisa, katika Kanisa la Mtakatifu Donasiani mjini Bruges, Ubelgiji ya leo. Fedha alikuwa nazo, maana aliwahi kutumika katika ofisi za Papa huko Roma. Mchoraji Jan van Eyck alimaliza kumchora mwaka 1436, na picha hiyo sasa imo katika Makumbusho ya Groeninge, mji uleule. Katikati ameketi Maria na Mtoto Yesu. Mzee yuko kulia, na nyuma yake Mtakatifu Georgi, ndani ya deraya, anainua kofia yake ya chuma huku akimtambulisha.

Mtazame usoni. Mishipa imemtuna kwenye panja, mashavu yamelegea, macho yamechoka. Hata madaktari wa siku hizi wameujadili uso huo, wakitafuta ni maradhi gani yaliyomsumbua. Mwenye kujitukuza angemwambia mchoraji amfiche makunyanzi. Huyu ameyaacha yote mbele ya Mama wa Mungu. Mkononi ana kitabu cha sala na miwani, na Georgi amekanyaga pindo la kanzu yake nyeupe. Napenda mno huo mguu! Mtakatifu yuko karibu kiasi cha kukukanyagia nguo.

Kisha soma maandishi ya kwenye fremu. Yanasema kanoni huyu aliagiza picha, tena akaweka wakfu wa nafasi mbili za makasisi wa kuhudumu kanisani humo. Kwa imani ya wakati ule, roho iliyoko toharani, yaani mahali pa kutakaswa baada ya kifo, husaidiwa na misa na sala za walio hai. Maskini hakuwa na uwezo wa kuweka wakfu kama huo, hilo silikatai. Lakini anachotaka mzee hapa ni kuombewa, si kusifiwa.

Kanisa lenyewe lilibomolewa mwaka 1799. Wanaokuja kuitazama picha leo husimuliwa zaidi ustadi wa rangi za mafuta, zulia na mng'ao wa deraya. Ningependa maelezo yaanze na ombi la mzee, rangi zifuate baadaye.