Semina ya ubaguzi wa rangi haitoshi kumpandisha nesi daraja

Tangu mwaka 2015 hospitali za umma za England, zilizo chini ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, zinatakiwa kupima kila mwaka jinsi watumishi wao wasio Wazungu wanavyotendewa wakilinganishwa na Wazungu. Vipimo viko 9, na viwili kati yake vinatosha kuanzisha mjadala huu. Mwaka 2016, uwezekano wa mtumishi Mweusi, Mwasia au wa kundi jingine dogo kufunguliwa shauri la nidhamu ulikuwa mara 1.56 ya ule wa Mzungu. Kufikia 2020 ulikuwa umeshuka hadi 1.16. Kipimo cha pili ni ajira. Kati ya walioitwa kwenye usaili, uwezekano wa Mzungu kupewa kazi mwaka 2016 ulikuwa mara 1.57 ya ule wa wenzake wasio Wazungu. Mwaka 2018 pengo likapungua hadi 1.45. Mwaka 2020 likarudi juu, 1.61.

Hospitali ni zilezile, na semina za kupinga ubaguzi wanazoketishwa watumishi ni zilezile. Kwa nini pengo moja limepungua sana na jingine limekaa palepale?

Kwa wasemaji wa Kiswahili jambo hili si la mbali. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitiliana saini makubaliano ya kupeleka manesi Wakenya huko, na kabla yao walikuwa wametangulia wengi kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo, wodini na kwenye nyumba za kulea wazee. Nesi mwenye uzoefu wa miaka 12 kwao kwa kawaida huanzia daraja la 5, sawa na aliyemaliza chuo juzi. Akibaki hapo miaka 6 huku aliowafundisha kazi wakipanda la 6 na la 7, ana haki ya kuuliza semina anazoketishwa kila mwaka zinamsaidia nini.

Wanaozitetea semina wana hoja, na haifai kuipuuza. Mtu hawezi kuliona jambo asilolijua. Aliyekulia mji usio na Mweusi hata mmoja darasani hajui kwamba kumwambia mwenzake kila wiki "Kiingereza chako kizuri kweli" ni kumkumbusha kila wiki kuwa yeye ni mgeni. Anayeambiwa naye, akikosa maneno ya kulitaja, hulibeba kifuani mpaka limchoshe. Somo zuri huwapa wote wawili maneno. Lakini kwa maoni yetu anayefaidika zaidi ni wa tatu, yule aliyesimama pembeni, ambaye hakubagua wala hakubaguliwa.

Chukua tukio ambalo manesi wengi wa wodi za wazee wanalifahamu. Asubuhi, zamu zimeshakabidhiwa, mgonjwa anauvuta mkono wake: "Sitaki huyu mweusi anishike, niletee mwingine." Mazoea ya wodi ni kulimaliza haraka. Nesi Mweusi anapelekwa chumba cha pili, Mzungu anachukua nafasi yake, dawa zinaendelea kugawiwa. Hapo ubaguzi umeshakamilika, na walioukamilisha ni watu wema waliotaka amani. Waliofundishwa vizuri hufanya hivi. Kwanza huangalia kama mgonjwa amechanganyikiwa kwa homa au ana ugonjwa wa kusahau, maana huyo hushughulikiwa kitabibu. Kama ana akili zake timamu, msimamizi wa zamu mwenyewe huenda kitandani dakika hiyohiyo na kusema kwa sauti ya kawaida: "Huyu ndiye nesi wako leo. Hatubadilishi watumishi kwa sababu ya rangi." Kisha aliyetukanwa huulizwa faraghani kama anataka kuendelea au kupumzika kidogo, bila mtu kumwamulia. Mwisho hujazwa fomu ya tukio kabla zamu haijaisha, na anayeijaza ni shahidi. Huandika maneno yaleyale aliyotamka mgonjwa, kwa sababu "alitumia lugha isiyofaa" haimwambii msomaji lolote. Tangu Aprili 2020 hospitali zina ruhusa ya kumnyima mgonjwa anayebagua watumishi huduma isiyo ya dharura, lakini bila fomu ruhusa hiyo haina pa kushika.

Hayo hakuna anayezaliwa nayo. Hufundishwa, tena kwa kuigiza mbele ya wenzako, maana mdomo uliozoea kunyamaza haufunguki kwa kubonyeza majibu kwenye kompyuta.

Upande wa pili nao una ushahidi mzito. Wanasosholojia Frank Dobbin na Alexandra Kalev walitumia takwimu za miongo 3 kutoka kampuni zaidi ya 800 za Marekani. Katika kampuni zilizowalazimisha mameneja kuhudhuria mafunzo ya aina hii, baada ya miaka 5 sehemu ya wanawake Weusi miongoni mwa mameneja ilikuwa imepungua kwa wastani wa asilimia 9. Mafunzo ya hiari yalikwenda na matokeo bora. Sababu haiko mbali: anayeburutwa kwenda kuambiwa asiwe mbaguzi huingia ameshakasirika, na anayojifunza hapo ni kuchunga ulimi. Tena kampuni ikishafanya semina hupata la kujibu kila inapolalamikiwa, ikawa ni kufunika kombe mwanaharamu apite.

Kuna madhara mengine yasiyosemwa sana, nayo yanatufikisha kwenye zile namba za nidhamu. Mwaka 2019 Doyin Atewologun na Roger Kline walichunguza, kwa niaba ya baraza la madaktari la Uingereza, kwa nini waajiri wanawashitaki kwenye baraza hilo madaktari wasio Wazungu mara mbili ya Wazungu, na waliosomea nje ya nchi mara 2.5 ya waliosomea Uingereza. Moja ya sababu walizozikuta ni woga wa kusema ukweli mapema. Kwenye wodi ya manesi woga huo unafanya kazi hivi. Nesi Mzungu akichelewa kuandika vipimo vya saa kumi alfajiri, bosi humwita pembeni, wakazungumza dakika 5, yakaisha. Mwenzake Mweusi akikosea vilevile, bosi hunyamaza kwa kuogopa kuitwa mbaguzi. Anakosea tena na tena, hajui kama anakosea. Baada ya miezi 4 anapokea barua ya shauri la nidhamu. Semina iliyomtia bosi hofu tu imemwongezea huyu nesi matatizo, na anayelipa ni yeye.

Zipo hospitali zilizolikabili hili kwa karatasi moja. Kabla shauri halijafunguliwa, mtu wa pili asiye wa wodi hiyo huuliza maswali machache. Alishaambiwa kosa lake, lini, na nani? Usiku huo watumishi walikuwa wangapi na walitakiwa kuwa wangapi? Mara ya mwisho mwingine alipofanya kosa hili tulichukua hatua gani? Majibu yasipokuwepo, shauri halifunguliwi na bosi anarudi kwenda kuzungumza. Hakuna moyo unaolazimika kubadilika ili maswali hayo yafanye kazi yake. Hata hivyo namba 1.16 isomwe kwa tahadhari. Yanayomalizwa chini chini hayahesabiwi, na kumchanganya Mfilipino, Mhindi na Mkenya katika fungu moja kunaweza kumficha anayeumia zaidi.

Wanaoamini kanuni kuliko semina wana mfano hapa kwetu. Mwaka 1948 tume ya Holmes ilipendekeza kwamba katika utumishi wa serikali za kikoloni za Afrika Mashariki, asiye Mzungu mwenye cheo cha juu alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu mwenye cheo hichohicho. Karani aliyepiga hesabu hiyo hakuhitaji kumchukia mtu. Mwaka 1954 tume ya Lidbury ikapendekeza ngazi moja ya mishahara isiyotaja rangi, na kwa maandishi ubaguzi ukaisha bila mtu kupelekwa darasani. Ila tume hiyohiyo iliweka posho ya ziada ya kuwavutia wanaotoka ng'ambo, na pengo likapata mlango mwingine. Wanaoshikilia elimu wana haki kuutaja mlango huo, maana pasipo mtu anayejua cha kutafuta, kanuni mpya husifiwa huku kazi ikiendelea kama jana.

Katika hospitali za leo mlango huo ni kukaimu. Msimamizi wa daraja la 6 anaondoka, bosi anamgusa bega anayemwona "anaendana na timu", anakaimu miezi 6 bila nafasi kutangazwa. Inapotangazwa, sharti la kwanza ni uzoefu wa usimamizi. Usaili unafanywa kwa haki kabisa, maswali sawa, alama sawa, na mshindi alishapatikana miezi 6 nyuma. Ndiyo sababu hatuamini kwamba pengo la ajira la 1.61 litazibwa na semina ya wasaili peke yake.

Tungeanzia hapo. Kila nafasi ya kukaimu inayozidi wiki 4 itangazwe kwa wodi nzima, hata kama ni kwa barua pepe ya mistari mitatu. Vigezo viandikwe kabla maombi hayajafunguliwa. Kila msaili aweke alama peke yake na sababu yake kwa maandishi kabla ya kuzungumza na wenzake, kwa kuwa akitangulia bosi kusema wengine humfuata. Msaili asiye Mzungu anayeitwa kukaa mezani awe na kura na awepo tangu vigezo vinapoandikwa, la sivyo amewekwa pale kama ua.

Fedha za semina zielekezwe kwa watu wa viti hivyo hasa, wasaili na wasimamizi wa zamu, kwa vikundi vya watu 8 hadi 10, wakifanyia mazoezi sentensi zilezile watakazozihitaji. Moja ni ile ya kitandani. Nyingine husemwa mezani, msaili anapodai kwamba mwombaji fulani "hatatoshea" kwenye timu, na mwenzake Mzungu anatakiwa aulize kabla mtu mwingine hajaongea: "Hilo liko kwenye kigezo kipi, na umempa alama ngapi?"